Honda ATC za magurudumu matatu: kutambua mwaka wa modeli na kupata spea (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

ATC ni pikipiki gani hasa?

Ni pikipiki za magurudumu matatu zenye matairi manene yenye upepo mdogo. Honda walianza kuziuza Marekani mwaka 1970 kwa jina la US90, kisha jina likabadilishwa kuwa ATC90. Mhandisi aliyezibuni ni Osamu Takeuchi. Zilitengenezwa hadi modeli za mwaka 1987. Desemba mwaka huo watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza za magurudumu matatu, na mahakama ikaidhinisha makubaliano hayo Aprili 1988. Kwa hiyo yoyote unayoikuta leo ghalani huko Marekani au Kanada ina umri wa miaka zaidi ya 35. Kumiliki na kukarabati si kosa. Kilichosimamishwa ni uuzaji wa mpya.

Muuzaji ameniambia ni ya mwaka 1984. Nimwamini?

Hapana, na si kwa sababu ni mwongo. Watu wengi hutaja mwaka walionunua, au mwaka ulioandikwa kwenye risiti. Modeli ya mwaka 1985 iliweza kuuzwa mwishoni mwa 1984, na modeli iliyokaa dukani iliweza kuuzwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Spea huagizwa kwa mwaka wa modeli. Mwaka wa risiti haumsaidii muuza spea hata kidogo.

Rangi na stika nazo zisikuongoze. Madigadi ya plastiki hubadilishwa kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hizi.

Basi mwaka wa modeli nausoma wapi?

Kwenye namba ya fremu. Imegongwa kwenye chuma sehemu ya mbele, shingoni mwa usukani au kwenye bomba la fremu chini yake. Mara nyingi imefunikwa na rangi, grisi au kutu. Ondoa uchafu kwa kitambaa chenye thina na brashi ya nailoni. Usitumie msasa wala grainda: unaweza kuifuta namba, na fremu yenye alama za kusagwa penye namba itashukiwa kuwa ya wizi hata kama ni halali. Namba ikiwa hafifu, paka chaki, futa juu juu, kisha piga picha ukimulika tochi kutoka ubavuni. Kivuli kitazichora herufi.

Kuanzia modeli za 1981 namba ina herufi na tarakimu 17, na zilizotengenezwa Japani huanza na JH3. Hesabu kutoka kushoto hadi nafasi ya 10. Herufi iliyopo hapo ndiyo mwaka:

B = 1981
C = 1982
D = 1983
E = 1984
F = 1985
G = 1986
H = 1987

Wengi hukosea kwa kusoma nafasi ya 9. Hiyo ni ya kuhakiki namba tu, na huwa tarakimu ya 0 hadi 9 au herufi X. Kumbuka pia kwamba herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika namba hizi, kwa hiyo ukiona mviringo, andika sifuri.

Yangu ina namba fupi, si 17. Imeghushiwa?

Si lazima. Zilizotoka kabla ya 1981 zina namba fupi: kifungu cha modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Hapo hakuna herufi ya mwaka, na kazi yake ni kulinganisha namba ya mfululizo na jedwali lililo mwanzoni mwa katalogi ya spea ya Honda, linaloonyesha kila mwaka ulianzia namba gani.

Umbo nalo husaidia. ATC90 za mwanzo zilikuwa na matairi ya puto yasiyo na rimu ya kawaida. Yalitoboka kirahisi, na mwaka 1975 Honda wakaleta matairi magumu zaidi yanayokaa kwenye rimu za chuma. Ukikuta magurudumu yale ya zamani bado yapo, yatunze hata kama yamechakaa, maana ni sehemu ngumu kuipata kuliko injini nzima. ATC110 ilichukua nafasi ya ATC90 mwaka 1979.

Namba ya injini haifanani na ya fremu. Kuna shida?

Haikukusudiwa kufanana. Injini ina mfululizo wake, na kifungu chake cha mwanzo huishia na herufi E kabla ya kistari. Unachotakiwa kujua ni kama kifungu hicho ni cha modeli ile ile ya fremu. Katalogi inaonyesha vyote viwili kwenye ukurasa mmoja.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Injini za mashine hizi zimehamishwa sana, na hata injini yenye namba sahihi inaweza kuwa na silinda ya modeli nyingine. Mfano mzuri ni ATC185 na ATC200. Zote zina mwendo wa pistoni wa milimita 57.8. Ya 185 ina kipenyo cha silinda cha milimita 63, na ya 200 milimita 65. Mafundi wengi walifunga silinda ya 200 kwenye injini ya 185 ili kuongeza nguvu. Ukiagiza pistoni kwa namba ya fremu peke yake, utapokea pistoni inayocheza ndani ya silinda.

Kwa hiyo fungua hedi na upime kwa kalipa kabla ya kuagiza chochote cha ndani ya injini. Vipimo vya awali, kipenyo kwa mwendo, ni hivi:

ATC70: 47 × 41.4 (cc 72)
ATC90: 50 × 45.6 (cc 89)
ATC110: 52 × 49.5 (cc 105)
ATC185: 63 × 57.8 (cc 180)
ATC200: 65 × 57.8 (cc 192)
ATC250R inayopozwa kwa hewa: 70 × 64.4 (cc 248)
ATC250R inayopozwa kwa maji: 66 × 72 (cc 246)

Ukipata kipimo kilichozidi kwa 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, silinda imeshapigwa rebo (imechongwa kuwa pana zaidi), na pistoni itakuwa ya saizi hiyo. Saizi huwa imegongwa juu ya pistoni. Sugua masizi taratibu uisome.

Kuna alama za haraka za kutofautisha modeli kabla sijafika kwenye namba?

Zipo chache za kutegemewa. ATC250R ya 1981 hadi 1984 ina mapezi ya kupozea kwenye silinda na gia 5, na ya 1985 na 1986 ina rejeta na gia 6. Big Red ya 200E, ya 1982 na 1983, huzungusha magurudumu kwa cheni, ilhali Big Red ya 250ES, ya 1985 hadi 1987, hutumia shafti. ATC350X ni ya miaka miwili tu, 1985 na 1986. ATC200X ndiyo inayowapotosha wengi, kwani ya 1983 hadi 1985 na ya 1986 hadi 1987 zina injini tofauti chini ya jina lile lile. Usiagize gasketi ya 200X bila kutaja mwaka.

Namba ya spea ya Honda inasomwaje?

Jifunze hili kabla ya kufungua pochi. Namba ina mafungu matatu. Fungu la kwanza, tarakimu 5, linaeleza ni kitu gani: 13101 ni pistoni, 12251 ni gasketi ya hedi, 12191 ni gasketi ya chini ya silinda, 16100 ni kabureta, 17210 ni kichujio cha hewa. Fungu la pili, herufi au tarakimu 3, linaeleza kifaa kile kilibuniwa kwanza kwa ajili ya pikipiki gani. Kwa mfano 918 ni ATC90. La tatu linaonyesha toleo. Vitu vya rangi huongezewa herufi mbili za rangi mwishoni.

Fungu la pili ndilo hazina. Ukiona spea ya ATC yako ina kifungu cha pikipiki nyingine, maana yake Honda wenyewe waliichukua kutoka huko, na ile pikipiki nyingine huenda bado ina spea sokoni. Injini ya ATC90 ni ndugu wa C90 na CT90, ya ATC110 ni ndugu wa CT110, na ATC70 iko kwenye ukoo wa C70. ATC185 inashiriki kipenyo na mwendo na XL185S. Hizo ni pikipiki zilizouzwa duniani kote kwa miaka mingi, zikiwemo Kenya na Tanzania. Lakini undugu si leseni ya kununua kwa macho. Linganisha namba kamili ya kila kifaa, kwa sababu klachi, shafti ya kutokea gia na kava za pembeni mara nyingi hutofautiana hata pale pistoni na valvu zinapolingana.

Namba ya zamani ikionekana imefutwa, muulize muuzaji kama imebadilishwa na namba mpya. Tafuta kwa zote mbili, maana wenye mabaki ya zamani huorodhesha kwa ile ya kwanza.

Nitafute wapi, na kwa mpangilio gani?

Anza na duka la Honda lenye katalogi ya michoro mtandaoni. Gasketi, sili, o-ringi na bolti nyingi bado zinapatikana huko, na bei yake mara nyingi haizidi sana ya bandia. Pili, mabaki mapya ya zamani yaliyokaa kwenye maduka na kuuzwa eBay. Tatu, mashine nzima iliyokufa. Ukikuta ATC ya mwaka ule ule isiyowaka kwa bei ya chini, inunue. Usukani, rimu, ekseli, mabano na mamia ya bolti utakazozipata hapo zingekugharimu zaidi zikinunuliwa moja moja.

Za kutengenezwa upya huja mwisho, na ubora wake unatofautiana sana. Madigadi ya Maier yanaheshimika, ingawa matundu yake wakati mwingine huhitaji kupanuliwa kidogo kwa faili. Pistoni za Wiseco na gasketi za Vesrah ni za kuaminika. Ukifunga pistoni ya kufuliwa (iliyoundwa kwa kugandamizwa, si kwa kumiminwa), mpe fundi wa rebo pistoni yenyewe mkononi na karatasi ya nafasi inayotakiwa, kwa sababu hutanuka kuliko ya kumimina na ikibanwa kwa kipimo cha zamani itakwama.

Kabureta bandia za bei ya chini tunashauri uziepuke. Hufanana kwa sura, lakini vijeti vyake havifuati vipimo vya Keihin (watengenezaji wa kabureta za awali), sindano huwa si ile, na utahangaika wiki nzima kutafuta silensa (mwendo wa injini bila kuvuta akselereta) ambayo haipo. Kabureta ya awali, hata chafu, ikisafishwa vizuri na kuwekewa o-ringi, vali ya kuelea na vijeti halisi, hufanya kazi. Tundu la kijeti cha silensa ni dogo kama unywele, na ndilo huziba kwanza petroli ikikauka. Lizibue kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie waya wa chuma, utalipanua.

Beringi na sili lazima ziwe za Honda?

Hapana. Beringi nyingi ni za saizi za kawaida, na namba imegongwa ubavuni. Inayoandikwa 6204 ni milimita 20 ndani, 47 nje, unene 14. Ya 6305 ni 25, 62 na 17. Kuanzia 04, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate kipenyo cha ndani. RS ni kifuniko cha mpira, ZZ ni cha bati. C3 maana yake ina nafasi zaidi ndani, na ikiandikwa kwenye beringi ya krenki usiweke isiyo na C3, maana injini ikipata moto itabana. Nunua za Japani au Ulaya kwenye duka la beringi linalojulikana, kwa sababu feki ni nyingi.

Sili nazo huandikwa vipimo: ndani, nje, unene. Isipokuwa sili za krenki za 250R. Hizo nunua za Honda. Sili ya krenki ikivujisha, injini ya mipigo miwili huvuta hewa pembeni, mchanganyiko unakuwa mkavu, na pistoni hutoboka au kukwama.

Nitajuaje 250R yangu haivuti hewa?

Fanya jaribio la shinikizo kabla ya kuiwasha. Ziba tundu la egzosi kwa mpira na sahani ya bati, ziba mlango wa kabureta kwa kizibo chenye nipeli, kisha pampu hadi psi 6. Usizidishe, utasukuma sili zitoke. Inatakiwa ibaki hapo kwa dakika kadhaa. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya silinda, shingo ya mpira ya kabureta na sili ya upande wa magineti. Mapovu yatakuonyesha. Pasipo povu popote, fungua kizibo cha oili ya gia. Hewa ikitoka hapo, sili ya upande wa klachi imekufa.

Kuhusu oili kwenye petroli, kitabu cha Honda kilitaka 20:1, yaani mililita 250 kwa lita 5. Kwa oili za sintetiki za leo wengi hutumia 32:1, karibu mililita 156 kwa lita 5. Ukibadilisha uwiano, angalia upya rangi ya plagi, kwani oili zaidi ni petroli kidogo.

Na za mipigo minne, nini huharibika zaidi?

Kwenye 185 na 200, kemshafti. Inazunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya hedi, bila beringi. Mashine iliyoendeshwa na oili kidogo huchimba alumini hiyo, na hedi haitengenezeki kwa urahisi. Unaponunua hedi ya mtumba, omba picha ya mahali kemshafti inapolala. Pawe laini na pang'ae. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, iache.

Wakati wa kufunga, nafasi ya valvu ni milimita 0.05, kwa kuingiza na kutoa, injini ikiwa baridi. Hiyo ni kwa 90, 110, 185 na 200.

Pistoni imekwama kabisa. Nipige nyundo?

Usipige. Toa plagi, mimina nusu asetoni na nusu oili ya gia ya otomatiki, acha siku mbili au tatu ukiongezea. Kisha jaribu kuzungusha nati ya krenki kwa spana huku na huko, kidogo kidogo. Ikigoma, toa hedi na ugonge kwa kipande cha mti laini kinachojaa silinda, si kwa bomba.

Skrubu zote zinachanika vichwa. Nakosea wapi?

Bisibisi. Skrubu za Kijapani za enzi hizo ni za kiwango cha JIS, zinafanana na za nyota za kawaida lakini bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini na huruka juu. Pata bisibisi ya JIS, gonga mara moja kwa nyundo ndogo, kisha fungua. Kwa bolti mpya, kumbuka kwamba M10 nyingi za Honda zina uzi wa 1.25, huku za duka la vifaa vya ujenzi zikiwa 1.5. Zitaingia mizunguko miwili kisha zitaharibu uzi wa injini. M6 ni 1.0 na M8 ni 1.25.

Ekseli ya nyuma inacheza. Ni beringi tu?

Inua nyuma, shika gurudumu moja, sukuma juu na chini. Ekseli nzima ikicheza, ni beringi au nyumba yake. Toa ekseli uangalie: pale beringi ilipokuwa ikilala pakiwa pamelika, beringi mpya itacheza baada ya wiki. Gurudumu likicheza peke yake mbele na nyuma huku ekseli imetulia, meno ya habu yamelika. Chanzo chake karibu kila mara ni nati iliyolegea. Funga kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha huduma, na weka pini mpya ya kuzuia nati kila unapofungua.

Matairi saizi gani, na upepo kiasi gani?

ATC90 na 110 ni 22×11-8. ATC185S, 200 na 200E ni 25×12-9. Upepo ni mdogo kuliko unavyodhani: modeli nyingi za awali ziliandikwa psi 2.2. Geji ya gari haisomi hapo, kwa hiyo nunua ya upepo mdogo. Kwenye modeli zisizo na shokomzoba, tairi ndiyo springi. Ukijaza psi 10 itarukaruka na kukuangusha. Magurudumu mawili ya nyuma yapimwe yawe sawasawa kabisa, kwa sababu ekseli ni moja isiyo na difu na tofauti ndogo huvuta usukani upande mmoja.

Niko Afrika Mashariki. Nitapata nini hapa, na nini niagize?

Beringi, sili za kawaida, o-ringi, plagi, nyaya za umeme na bolti zinapatikana mjini. Cheni ya 428, ile ile ya bodaboda, itafaa ikiwa sproketi zako ni za 428. Pima kwanza. Cheni ya 420 na ya 428 zina nafasi sawa ya milimita 12.7 kati ya pini na pini, lakini ya 428 ni pana zaidi, milimita 7.94 ndani dhidi ya 6.35. Ya 520 ni kubwa, milimita 15.875. Madigadi, kabureta, gasketi za injini na sehemu za umeme wa magineti agiza kutoka Marekani kwa pamoja kwenye boksi moja, baada ya kufungua mashine yote na kuandika orodha kamili ya namba. Koili ya magineti ipime kwa multimita kabla ya kuiagiza. Mara nyingi kinachokatika ni waya au soketi yake, na koili yenyewe ni nzima.